Programu Huria Inalala Wapi?

Mnamo Novemba 2000, kampuni chache za intaneti jijini Nairobi zilifanya kitu ambacho leo hakingepata hata nusu aya gazetini. Zilivuta nyaya zao hadi jengo moja katikati ya mji, zikazichomeka kwenye swichi, zikaanza kupelekeana data moja kwa moja. Kama wiki mbili baadaye, swichi ikazimwa kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano. Kosa lake? Ilimwezesha mtu wa Nairobi kumtumia mtu wa Nairobi barua pepe bila barua hiyo kwenda ng'ambo kwanza.

Naanzia hapo kwa makusudi. Vijana tunaoandika programu tukikaa kuzungumzia programu huria, mada huwa leseni: nani anaruhusiwa kusoma msimbo, nani anaruhusiwa kuubadilisha, nani anaruhusiwa kuuza. Hayo ni muhimu, sipingi. Lakini leseni ni karatasi. Msimbo wenyewe lazima ulale mahali: kwenye diski, ndani ya mashine, ndani ya chumba chenye stima na feni, mwisho wa waya ambao mtu fulani anaulipia kila mwezi. Mahali hapo pakifungwa, uhuru ulioandikwa kwenye leseni unabaki wa kusimuliwa tu. Historia ya programu huria hapa Kenya, jinsi ninavyoisoma mimi, ni historia ya kutafuta mahali pa kulala.

Na hata wakubwa walianza hivyo hivyo. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alikuwa ameandika kiini cha mfumo wa kompyuta na alitaka kukiita Freax. Hakuwa na seva ya kukiweka watu wakipate. Ari Lemmke, aliyekuwa akisaidia kuendesha seva ya mtandao wa vyuo vya Finland, alikuwa nayo. Lemmke hakulipenda jina la Freax. Alifungua folda kwenye seva yake, akaiita linux, basi. Jina ambalo leo limo ndani ya kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa abiria wa matatu lilitolewa na mwenye seva. Anayekupa pa kulala ana usemi.

* * *

Mimi nimezaliwa Kibugu, juu ya mji wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya ambako mashamba ya chai yanaanza kuukaribia msitu. Siku hizi naishi Nairobi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa watu wanaojitolea kutunza seva za jumuiya ndogo ya programu huria. Siandiki msimbo mwingi. Kazi yangu ni ya chini chini: diski isijae, cheti cha usalama kisipitwe na muda, nakala rudufu ziwepo na zikijaribiwa zifunguke, tovuti ikianguka iinuke. Wikendi nikiwa nyumbani naifanya nikiwa na laptopu na bando la simu, chini ya mti ambako netwaki inashika vizuri.

Kwetu, kazi ya aina hii si ngeni. Inaitwa mradi wa maji. Watu wanachanga, wanachimba mtaro, wanalaza bomba kutoka mtoni kule juu karibu na msitu hadi kwenye maboma. Hakuna pampu, maji yanashuka yenyewe na mteremko. Kila mtu anaijua bomba ya nyumbani kwake. Wanaowajua wale wanaopanda hadi mtoni baada ya mvua kubwa, kutoa matope na majani yaliyoziba mdomo wa bomba, ni wachache. Mfano huo utatusaidia, kwa sababu intaneti ya Kenya ya miaka ya mwisho ya 1990 ilikuwa bomba ambalo mdomo wake ulikuwa mbinguni.

Telkom Kenya ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kupitisha data kuingia na kutoka nchini, kupitia mtandao wake wa Jambonet uliozinduliwa mwaka 1998. Njia ilikuwa setilaiti, zinazokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kampuni za intaneti za hapa hazikuwa na mahali pa kukutana. Ukituma barua kutoka ofisi ya Moi Avenue kwenda ofisi ya Kimathi Street, na kila ofisi inahudumiwa na kampuni yake, barua hiyo iliweza kupanda hadi setilaiti, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ndipo ikashuka Nairobi. Piga hesabu: ni zaidi ya kilomita 140,000, safari ya kwenda tu, kati ya barabara mbili unazoweza kuzimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Mkulima wa Kibugu angeelewa haraka. Majani anayochuma asubuhi yanaenda kiwandani, yanateremka hadi Mombasa kwenye mnada, mengine yanavuka bahari, na kuna siku atayakuta dukani yamefungwa kwenye pakiti yenye jina la Kizungu. Data nayo husafiri kwa pakiti. Tofauti ni kwamba nauli ya pakiti zetu tulilipa kwa dola, kwenda na kurudi. Na hazikuwa chache: karibu asilimia 30 ya data iliyokuwa ikitoka nchini ilikuwa inaelekea Kenya hii hii.

Hata jina letu lilikuwa linalala kwa watu. Kikoa cha .ke kilifunguliwa mwaka 1993. Hapa nyumbani kilisimamiwa na Dkt. Shem Ochuodho, na upande wa ufundi ukashikwa na Randy Bush, Mmarekani aliyekuwa akiyasaidia mataifa kadhaa ya Afrika kwa njia hiyo hiyo, kwa kujitolea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, usimamizi ukahamishiwa KENIC, shirika lililoundwa hapa kwa kazi hiyo. Namheshimu Bush, bila watu kama yeye tungechelewa kuwa na jina. Lakini wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata ndugu mwenyewe akiwa mtu mwema namna gani.

* * *

Sasa, katikati ya hali hiyo, mtu wa programu huria alifanya nini? Chukua mfano mdogo. CD moja ya Linux ilikuwa na takriban megabaiti 700. Laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo wakati huo ilikuwa laini ya kampuni na si ya mtu binafsi, ingehitaji zaidi ya saa 24 kuishusha, na hiyo ni kama hakuna mtu mwingine ofisini anayegusa intaneti siku nzima. Kwenye saiba, ulikolipa kwa dakika, hesabu hiyo hata huianzi.

Kwa hiyo programu ilisafiri kwa miguu. Ilisafiri kwenye CD zilizonakiliwa, ndani ya bahasha, ndani ya mkoba wa mtu aliyetoka semina. Kuanzia mwaka 2005, kampuni ya Canonical ilikuwa inatuma CD za Ubuntu bure kwa posta, popote duniani, mpango uliodumu hadi 2011. Ulijaza fomu, ukasahau, kisha siku moja barua ikafika sandukuni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Kwa mara ya kwanza kompyuta ilimwambia mtu "Hifadhi" badala ya kumwamuru kwa Kiingereza. Msimbo ulikuwa wetu, lugha ikawa yetu. Barabara ndiyo haikuwa yetu bado.

Ukweli kuhusu CD ni kwamba inazeeka siku ile ile inapochomwa. Tundu la usalama linagunduliwa Jumanne, linazibwa Jumatano, na CD yako ya mwezi uliopita haina habari. Jumuiya ya programu huria haikupi kitu mara moja ikaondoka. Inakupa kijito kinachotiririka kila siku, na ukikatwa kutoka kwenye kijito hicho, kilichobaki mkononi mwako ni ndoo ya maji yaliyosimama.

* * *

Turudi kwenye swichi.

Kampuni za intaneti zilikuwa zimejiunga kwenye chama chao, TESPOK, na miongoni mwa waliosimamia kazi yenyewe alikuwa Brian Longwe. Wazo halikuwa la kimapinduzi. Miji mingi ya dunia ilikuwa na vituo vya namna hiyo: kila kampuni inaleta waya wake, zinakutana kwenye swichi, data ya nyumbani inabaki nyumbani. Hapa kikaitwa KIXP. Maandalizi yalichukua karibu mwaka mzima: kuchora muundo, kuunda chombo cha kisheria, kukubaliana nani atalipa nini.

Telkom Kenya ikalalamika kwa CCK, mdhibiti wa wakati huo. Hoja yake ilikuwa kwamba kituo kinaingilia haki yake ya peke yake ya kubeba data. CCK ikakubali, ikakitangaza kuwa kinaendeshwa bila leseni, ikaamuru kifungwe. Kampuni zikajibu kwamba hakuna data ya nje inayopita pale, na kwamba swichi ile haina tofauti na ile iliyo chini ya meza ya ofisi yoyote. Kesi ikapelekwa kwenye baraza la rufaa lililowekwa na Sheria ya Mawasiliano ya 1998. Huku wanasheria wakiandika, wahandisi walikuwa wakizunguka kutoka ofisi hadi ofisi wakifundisha: intaneti inafanyaje kazi, pakiti ni nini, kwa nini pesa zinapotea.

Mimi huwa nasimama hapo kidogo nikisoma habari hizi. Tumezoea hadithi za teknolojia ambamo shujaa anaandika msimbo usiku kucha. Hapa mashujaa walikuwa watu wenye barua na vikao, wakielezea jambo lile lile kwa mara ya kumi na tano. Novemba 2001, mwaka mmoja baada ya kufungwa, kampuni iliyoundwa kwa ajili hiyo, KIXP Limited, ikapewa leseni. Katikati ya Februari 2002 taa za swichi zikawaka tena. Kampuni zilizounganishwa zilikuwa tano.

Matokeo yalionekana karibu mara moja. Pakiti iliyochukua kati ya milisekunde 1,200 na 2,000 kwa setilaiti ilianza kuchukua 60 hadi 80. Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, uchunguzi wa shirika la Internet Society ulikuta kituo hicho kinapitisha zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde nyakati za shughuli nyingi, muda wa safari umeshuka hadi milisekunde 2 hadi 10, na kampuni za Kenya zinaokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka ambazo zingelipia data ya nje.

Swichi peke yake haitoshi, inahitaji mikono. Mwaka 2000, wahandisi wa mitandao wa bara hili walikutana Cape Town, wakaanzisha AfNOG, jukwaa lao la kufundishana. Madarasa yake yaliegemea mifumo huria, FreeBSD na wenzake, kwa sababu mwanafunzi angeweza kuifungua, kuivunja, kuirekebisha na kwenda nayo nyumbani bila kulipa leseni. Dorcas Muthoni wa Kenya alisaidia kuanzisha jumuiya ya wanawake wa programu huria barani, LinuxChix Africa, iliyowafundisha wanawake kuendesha seva wenyewe, na mwaka 2014 jina lake likaingizwa kwenye Internet Hall of Fame. Hapo unaona mzunguko: programu huria ilifundisha watu kujenga barabara, na barabara ikaileta programu huria karibu.

Kuileta karibu maana yake nini? Maana yake ni seva za nakala. Jumuiya kama Debian, iliyoanza mwaka 1993, haina ghala moja kubwa ambalo dunia nzima inapanga foleni. Ina seva za kati, na mamia ya nakala zake ambazo vyuo, kampuni na watu binafsi wanazitunza kwa gharama zao. Nairobi nayo ilipata zake. Miongoni mwa waliojitolea ni KENET, mtandao wa vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka 1999. Mwanafunzi akisasisha kompyuta yake, vifurushi havina haja ya kuvuka bahari.

Na hapa pana jambo ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Mwenye seva ya nakala hahitaji kuaminiwa. Orodha ya vifurushi imetiwa sahihi ya kidijitali na wenye Debian, na kompyuta yako inaikagua kabla ya kusakinisha chochote. Mtu akitia sumu njiani, sahihi haitalingana. Bomba linaweza kupita kwenye shamba la jirani ambaye hamsalimiani, na maji yakafika safi. Kwa uhandisi wa namna hiyo, watu wasiojuana, wasiolipana, wameweza kubebeana mizigo kwa miaka zaidi ya thelathini.

* * *

Kisha bahari ikafunguka. Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, mwaka uliofuata ikaja EASSy. Bei zikashuka, kasi ikapanda, Nairobi ikajaza vijana wenye laptopu. iHub ilifunguliwa mwaka 2010. Ungedhani sasa seva zitarudi nyumbani. Kumbe ikawa kinyume. Kebo ilipofanya ng'ambo kuwa karibu, kukodi seva ya ng'ambo kukawa rahisi kuliko kununua mashine, kulipa stima na kuweka jenereta hapa. Ukiwa na kadi ya benki na dola tano, dakika mbili baadaye una mashine Frankfurt. Hatukulazimishwa na mdhibiti wala setilaiti. Tulipiga hesabu ya mfukoni, na hesabu ilikuwa sahihi.

Angalia kazi mbili ambazo tunajivunia. Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, wakati nchi inawaka baada ya uchaguzi na matangazo ya moja kwa moja yamepigwa marufuku. Ory Okolloh alitoa wazo, na pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia ikajengwa kwa siku chache, wengine wakiwa nje ya nchi. Watu walituma taarifa za ghasia, zikawekwa kwenye ramani. Baadaye msimbo ukatolewa huria, na mwaka 2010, tetemeko lilipoibomoa Haiti, ramani kama ile ikatumika huko. Jambo lililobuniwa kwa uchungu wa Kenya likawa mali ya dunia.

Ya pili ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Mizizi yake iko Eldoret. Mwaka 2004 madaktari wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana walifika pale kwenye AMPATH, ushirikiano wao na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa, wakakuta wagonjwa wa UKIMWI wanaongezeka kuliko karatasi zinavyoweza kuwafuata. Mwaka 2006 mfumo ukaanza kutumika huko Eldoret, na kutoka hapo ukasambaa nchi kwa nchi. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ikaanza kusambaza toleo la hapa, KenyaEMR, na likafika kwenye hospitali na vituo vya afya zaidi ya 300.

Sasa tazama zinalala wapi. Seva za jumuiya yenyewe, zile zinazobeba msimbo, majaribio na mijadala ya wajenzi, zimekaa Marekani kwa miaka mingi. Lakini ndani ya kituo cha afya cha mashambani, KenyaEMR hukaa kwenye kompyuta iliyo pale pale, kwenye chumba kidogo, kwa sababu muuguzi hawezi kumwambia mgonjwa angoje netwaki irudi. Walioamua hivyo hawakuwa wakiandika falsafa. Walijua stima ya mashambani na walijua intaneti ya mashambani. Wakaiweka data karibu na mtu anayeihitaji.

* * *

Babu yangu amekuwa mweka hazina wa mradi wa maji kwa muda ambao hata yeye hauhesabu tena. Daftari lake lina jina la kila boma na mwezi uliolipwa, kwa wino. Mali bila daftari hupotea bila habari, huo ndio msemo wake kwa kila anayemdai maelezo. Krismasi moja nilijaribu kumweleza ninachofanya usiku na laptopu.

"Hao watu wanaotumia hiyo programu ni wangapi?" akaniuliza.

"Hatujui vizuri, Guka. Elfu kadhaa."

"Wanalipa ngapi kwa mwezi?"

"Hawalipi. Ni ya bure."

"Na hiyo mashine, stima yake ni ya bure?"

"Hapana. Kuna kampuni moja huko nje inatusaidia. Ingine tunachanga wenyewe."

Akanyamaza kidogo, akakunja daftari. "Kwa hivyo hiyo kampuni ikichoka kuwasaidia, mtafunga bomba la nani kwanza?"

Sikuwa na jibu, na sidhani jumuiya nyingi za programu huria zina jibu. Hata wakubwa. Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwenye seva za kernel.org, nyumbani kwa kiini cha Linux, na tovuti ikakaa gizani kwa wiki kadhaa. Msimbo wenyewe ulipona kwa sababu nakala zake zilikuwa kwa maelfu ya watu, ila mahali pa kukutania palifungwa. Aprili 2025, maabara ya Chuo Kikuu cha Oregon State, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini imezipa pa kulala jumuiya kubwa na ndogo huku wanafunzi wakijifunzia kazi humo, ilitangaza kwamba bila dola 250,000 ingefunga mwaka huo. Watu wakachanga, ikasalimika. Lakini fikiria: mizigo ya dunia imetundikwa kwenye msumari mmoja wa chuo, na hatukujua hadi msumari ulipoanza kulegea.

Juu ya hayo kuna wageni wapya. Roboti zinazokusanya maandishi ya kulisha akili bandia hupita kwenye seva zetu usiku na mchana, zikifungua kila ukurasa wa kila toleo la kila faili, hata za mwaka ule hakuna binadamu anayezitaka. Hazisemi hodi. Mwanzoni mwa 2025 Xe Iaso alitoa Anubis, programu huria inayompa kila mgeni fumbo dogo la hesabu kabla ya kumfungulia mlango, na jumuiya kubwa kama GNOME zikaiweka. Inasaidia. Lakini kijana mwenye simu ya bei nafuu, ambaye tulimjengea mlango uliokuwa wazi, sasa naye anasimamishwa akokotoe hesabu. Bili ya data inalipwa na jumuiya, faida inaenda kwa wenye roboti. Babu angeuliza mita yao iko wapi.

* * *

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na majirani. Wiki sita baadaye, 25 Juni, siku waandamanaji walipoingia Bunge, ikadorora tena. Safaricom ilisema ni hitilafu kwenye kebo mbili za baharini, na mtaani wengi hawakusadiki. Siamui hapa nani alikuwa mkweli. Ninachosema ni kwamba siku kama hizo, swali la programu inalala wapi linaacha kuwa la mafundi peke yao. Kilichokuwa nyuma ya swichi ya Nairobi hakikuhitaji kebo kukufikia. Kilichokuwa Frankfurt kilihitaji bahari ikubali.

Sisemi turudishe kila kitu nyumbani. Seva moja Nairobi ni dhaifu kama seva moja Frankfurt, na wale waliotupokea ng'ambo wakati hatuna pa kwenda hawakustahili kusahauliwa. Jumuiya inahitaji nakala kote kote, na mojawapo iwe mahali ambapo mtu wa hapa anaweza kuifikia kwa basi, na ufunguo wake uko mkononi mwa mtu anayejulikana kwa jina. Kampuni zinazojenga biashara zao Nairobi juu ya programu huria, na ni karibu zote, zina rafu, stima na intaneti. Kona ya rafu ni mchango. Chuo chenye wanafunzi wa kompyuta na chumba cha seva kinaweza kufanya kilichofanywa Oregon kwa miaka hiyo yote: kumkabidhi mwanafunzi mashine ambayo watu wanaitegemea kweli, kukiwa na fundi mzoefu nyuma yake.

Na wewe unayesoma hili, kuna jambo dogo. Ukiwa na kompyuta ya Linux, ifungue, uandike amri ya kusasisha. Mistari itaanza kupita haraka. Ile ya kwanza inataja jina la mashine inayokujibu. Isome. Tafuta iko mji gani, nani anaitunza, stima yake inalipwa na nani. Kisha uwaandikie uwaulize wanahitaji nini.